Matano na Tela Lake

Matano Nyange alikuwa mtu wa kiwiliwili kikubwa na sauti ndogo. Pale Wete alijulikana kwa Landrova yake kuukuu, aliyouziwa na mkandarasi mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Pamoja na gari alipewa tela la magurudumu mawili, la mbao nene na vyuma. Miaka ile ya hamsini ilikuwa ikiishia, na gari zilikuwa chache. Mtu akiwa na mzigo, humwendea Matano, na Matano hajui kumwambia mtu hapana.

Kwa imani yake, kilichoenea kwenye tela kinachukulika. Aliendesha hivyo mpaka siku aliyokwenda Micheweni kuchukua mawe ya kujengea nyumba ya jirani yake. Mkewe, Bi Kazija, alikuwa huko kwa dada yake, akapanda mbele arudi naye. Wapakizi waliyarundika mawe upande wa nyuma wa tela ili wakifika iwe rahisi kuyashusha. Matano aliwashukuru, akatia moto.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Walipopita kijiji cha Konde na kuanza kuteremka, tela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi. Nyuma ya gari ikawa inanyanyuliwa na usukani hauitiki. Matano alikanyaga breki, na tela, ambalo lenyewe halikuwa na breki, likamsukuma mpaka ndani ya konde la muhogo. Mawe yakatapakaa.

Mwenye konde, Mzee Ngwali, alikuja mbio, akauliza kwanza nani kaumia. Alipoona wote wazima, alimkalisha Bi Kazija kivulini, akamwangulia dafu. Ya muhogo hakuyataja. Matano alikuwa akiokota mawe, na mkewe akainuka akamfuata.

"Matano," alisema, "hilo tela lina uzito gani?"

Matano akajibu kuwa hajui.

"Na hilo gari linaweza kuvuta kiasi gani?"

Hilo pia hakulijua. Bi Kazija hakumgombeza. Alimwambia tu kuwa yeye, tangu udogo wake akichukua mzega wa maji, ndoo mbili kwenye mti wa begani, anajua kuwa ndoo ya nyuma ikizidi, mti unamnyanyuka mbele na yeye anayumba. Pengine na tela ni hivyo hivyo.

Wiki ile Matano alikwenda Chake Chake kwa fundi Ahmada, akamweleza yote. Ahmada alikubaliana na Bi Kazija. Mzigo mzito, alisema, ukae juu ya ekseli na uelemee mbele kidogo, ili mkono wa tela uikandamize ndoana ya gari. Usielemee mbele mno, maana gari litakaa kitako na magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi. Kisha akampa kipimo: kwa tela lisilo na breki, na kwa vilima vyetu, gari lisivute zaidi ya nusu ya uzito wake lenyewe.

"Na ukipima," Ahmada aliongeza, "pima na tela. Watu huhesabu mzigo wakasahau chombo."

Mwenye ghala mmoja wa Wete alimruhusu atumie mizani yake ya magunia. Walipandisha gurudumu moja, la pili likiwa juu ya matofali ili tela likae sawa, kisha wakabadilisha, kisha wakaupima mkono. Walipojumlisha na kulinganisha na uzito wa gari aliotajiwa na Ahmada, Matano alishika kiuno. Tela tupu lilikuwa limekwisha kula karibu nusu ya kile gari lake linachoweza kuvuta. Kumbe miaka yote alikuwa akivuta mara mbili ya haki yake, na Mungu akimstiri.

Tangu hapo akajifunza kusema hapana, ingawa ilimtia jasho. Hapana kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye harusi ya Khairiya, binti wa rafiki yake Shaame wa Kiuyu, aliyekuwa anaolewa Wete. Matano alifika, na alipomaliza kusalimiana akakuta telani kumekwisha kupakiwa kitanda cha samadari, makasha mawili, magunia ya mchele na masufuria, na juu yake kinamama wamekwisha kujipanga wakaimbe njia nzima. Shaame alitaka viende kwa safari moja, watu wa bwana harusi waone.

Matano aliwaomba kinamama washuke. Wakanuna. Bi Mwanaasha, bibi yake Khairiya, akamuuliza kama amewaona wao ni mawe.

"Mawe nikiyamwaga nayaokota, bibi yangu," alisema Matano. "Nyinyi nitawaokotaje?"

Bi Mwanaasha alimtazama, akanyoosha mkono asaidiwe kushuka, na wengine wakamfuata. Matano akashusha vyote, akapakia upya makasha katikati na mchele mbele ya makasha, akafunga kamba na kuvuta kila fundo. Kila mteremko aliingia kwa gia ndogo, mguu wake ukigusa breki kwa nadra. Alishusha Wete, akarudi Kiuyu kuchukua kitanda na masufuria. Mvua ilikuwa imeanza, na Shaame alikuwa amesimama njiani akidhani hatarudi. Aliingia garini hali amelowa, akamshika Matano bega. Kinamama walifuata kwa basi lililokodiwa.

Jioni ile kwenye ngoma kinamama walimtungia Matano wimbo, kwamba ni dereva anayeogopa masufuria. Matano aliusikia kutoka barazani, akacheka mpaka akafuta macho. Bi Kazija ndiye aliyekuwa akiuongoza.