Kikohozi cha Papa na Kiti cha Maman

Maman alikuwa na ugonjwa mmoja: mwanaume akikohoa, yeye anasimama. Papa akikwamwa kidogo tu na mwiba wa samaki, maman tayari ameshika kikombe cha maji. Hata padri akikohoa katikati ya mahubiri, mimi namuona maman anavyojishika kwenye benchi.

Mimi nilikuwa nacheka tu, mpaka siku nilipopita kwenye biro yake ya kazi kumuletea ufunguo wa nyumba. Biro yao inapeleka mbegu kwa wakulima wa bonde la Ruzizi, na maman alikuwa musaidizi wa shefu wa depo, ghala la mbegu hizo, kwa miaka tisa. Niliwakuta kwenye mukutano. Wanaume sita, termosi ya chai iko mbele ya pua zao, na hakuna anayeigusa, kana kwamba inauma. Maman alikuwa anaeleza kwa nini lori linakwama kila mara kabla ya kufika Luvungi. Mumoja akakohoa, akaiangalia termosi. Maman akaacha maneno yake hewani, akasimama, akaanza kumimina. Alipofika kikombe cha sita, bwana mwingine alikuwa amemaliza kueleza habari ya lori kwa niaba yake, na wenzake wanamuambia, "Umesema vizuri!"

Sikucheka siku ile.

Kisha shefu wa depo akahamishwa, na maman akapeleka barua ya kuomba kile cheo. Wakamuita kwa maulizo, wiki moja mbele. Hapo nyumba yetu ikageuka mahakama. Papa, mwalimu wa fizikia, akavaa kravati yake ya misa na kuwa prezida wa juri. Mimi, binti yao, nikawa memba, nikaweka sauti ya muzee.

"Madame, kazi ya depo ikikushusha bondeni, Sange, siku tatu, batoto bako bane batabaki na nani?"

"Na baba yao."

Papa akashtuka. "Siku tatu muzima?"

"Prezida, usiingilie," nikamuambia.

Maman akaanza kueleza depo yake, vizuri kabisa, mpaka papa akakohoa. Kufumba na kufumbua kiti kiko wazi, na maman anarudi na maji, anatabasamu.

"Maman! Maneno yako umeyaacha wapi?"

Akasimama na kikombe mukononi, akakitazama. Hakujua hata alivyokichukua.

Basi nikatunga sheria. Nitakohoa kwa sauti yangu ya muzee nikitaka, mahali popote, na kila mara akisimama, yeye ndiye ataosha masahani ya zamu yangu. Nilikohoa kwa meza. Nilikohoa wakati wa sala. Nilikohoa nikiwa bafuni, naye akaja mpaka mulangoni. Siku tatu sikugusa sahani, na papa akaanza kusema huyu mutoto apelekwe hospitali ya Katana. Siku ya nne maman akashika kiti kwa mikono miwili, jasho linamutoka. Siku ya tano akaendelea kusema habari ya lori bila hata kunitazama. Nikarudi kwenye masahani yangu, maskini mimi.

Siku ya maulizo alirudi, akavua viatu, akakaa. Papa na mimi tukamuzunguka.

"Maman, sema basi!"

"Wanaume watatu. Niko katikati ya maneno, prezida wao akakohoa. Ya kweli, mpaka machozi."

"Na wewe?"

"Miguu yangu ilitaka kwenda yenyewe. Nikashika kiti. Nikamuambia: Monsieur, maji iko nyuma yenu, nitawangojea."

"Mungu wangu," papa akasema. "Ukamuacha prezida ajitumikie?"

"Alijitumikia. Kumbe anajua. Akarudi, nikamaliza maneno yangu yote."

Tulingoja wiki mbili. Simu ilipokuja, papa alipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna muvamizi: maman ndiye shefu wa depo. Alisafiri mara ya kwanza kwenda Sange, siku tatu muzima, na papa akatupikia bugali yenye mabonge ambayo ungeweza kujengea ukuta. Tuliikula. Hatukufa. Siku ya tatu ilikuwa karibu bugali.

Siku aliporudi tulikaa kwa meza wote, maman anatusimulia jinsi madereva walivyoanza kumuita shefu. Nikameza pilipili vibaya. Nikakohoa, ya kweli, macho yanatoka nje. Maman hakutikisika.

"Maman! Niko nakufa!"

"Maji iko nyuma yako, Mademoiselle. Tutakungojea."

Aliyesimama ni papa, kikombe tayari mukononi. Ugonjwa umehamia kwake.