Giga Kumi na Sita za Kaka

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu tulimzika kaka yangu huku kwetu Iyolwa, Uganda. Wageni wameondoka, masufuria ya kukodi yamerudishwa, na mimi nimebaki nafagia chumba chake polepole, maana mwili umechoka. Chini ya kitanda nimeikuta kompyuta yake ya gemu. Nimekaa nayo sakafuni. Kama una kaka, utanielewa.

Alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule unaotafuna mifupa kila mvua ikinyesha. Sisi wengine tulicheza mpira wa majani ya migomba nyuma ya jikoni; yeye alikuwa refa wa kukaa, anafukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa huku akitupigia mbinja kwa vidole. Nesi alishamwambia mama asimwekee mtoto huyo mipango ya mbali. Mama hakutuambia, lakini nyumba ndogo haifichi kitu.

Halafu mjomba akamletea kompyuta kuukuu kutoka chuo cha Busitema, wanafunzi walikuwa wameichoka. Gemu ya mpira ikafunguka, wachezaji wakaganda kama wamepigwa picha. Ilihitaji ram, kile kijiti kinachoisaidia mashine kubeba kazi nyingi bila kukwama. Basi tukaenda Busia, tukavuka upande wa Kenya, kaka amekaa kwenye baiskeli ya kukodi na kompyuta mapajani, mama na debe la karanga za kuuza kichwani, katikati ya malori yanayonguruma na harufu ya samaki wakavu.

Fundi wa kompyuta alikuwa kijana mcheshi.

"Mathe, giga nane itacheza, lakini gemu mpya zikija itasumbua. Weka kumi na sita, akue nayo."

"Nyinyi Wakenya kazi yenu kuuza tu," mama akamjibu.

"Na nyinyi wa Uganda kazi yenu 'punguza, punguza'!"

Tulicheka. Mama akauliza nane itamfikisha mpaka lini. Fundi akasema mwaka, labda miwili.

"Basi hiyo inatosha."

Kaka hakuinua macho. "Sawa, mama. Hata sare yangu hununui kubwa."

Ilikuwa kweli. Kwetu sare ya mtoto inanunuliwa kubwa, ya kukulia. Yangu nilikunja mikono miaka na miaka. Yake ilikuwa ya kumkaa sawasawa, kila mara. Sikujua kwamba alikuwa ameona.

Mama akaangalia nje kwenye malori. Kisha akalisukuma debe la karanga mbele ya fundi.

"Chukua na hizi. Mwekee kumi na sita. Atakua."

Alikua. Akaota ndevu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, hata sote tukachoka, na yeye akachoka kutuzidi. Sitasema uongo, kuna siku niliomba apumzike.

Lakini siku ile ya Busia tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Fundi alikuwa ameshakichomeka kijiti. Kaka akawasha, wachezaji wakakimbia, hakuna aliyeganda. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe ni yupi hapo?"

"Huyo anayekimbia na mpira."

Mama akasimama nyuma yake anaangalia. Mboga ikaungua. Tuliila hivyo hivyo.