Jiko chini ya kitanda cha Mwanaidi

Siku ile Tandale tulikuwepo mama yetu, mkunga Bi Hadija, mie, na dada yangu Mwanaidi chumbani na kichanga chake. Mzazi sharti aote moto, basi Bi Hadija akasukuma jiko la mkaa chini ya kitanda, akaziba dirisha kwa khanga ili baridi isiingie.

Nilikaa mlangoni nikinusa udi. Mtoto alilia, kisha kimya.

“Bi Hadija, mbona halii tena?”

“Wee, domo hilo! Kashiba, kalala na mama yake.”

Nikafurahi kwamba wamepumzika. Alasiri mama yetu akafungua mlango, akapiga yowe. Makaa yalikuwa mekundu, hayana hata moshi. Watu wakasema ni jini kawachukua wote wawili, nami nikaamini.

Juzi mjukuu wangu Rehema alikuwa akijisomea kemia ya mtihani kwa sauti: mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

“Rudia, mjukuu wangu.”

Akarudia.

Kichanga kilikuwa hakijapewa jina. Mwanaidi alitaka kumwita Zuhura. Kama nimekosea nisahihisheni, ila waliokuwepo nimebaki mie tu.