Maziwa ya Kopo Yamekatazwa Tabora, na Sisi Tumehamia Rukwa

Wasomaji wenzangu, jina langu nimeomba lifichwe kwa sababu kijijini kwetu huku Kasansa duka ni moja tu. Nina miaka thelathini na moja, kuandika nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, mnisamehe nikikosea. Nina watoto watano. Huyu wa mwisho ana miezi mitatu, na baada ya mimi kuumwa sana maziwa yangu yalikauka. Uji anautapika. Maziwa ya ng'ombe tulijaribu, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Haya ya unga, ya kopo, ndiyo yaliyomshika, akaanza hata kucheka.

Juzi nikiwa kwa mwalimu wangu wa kisomo nikasikia redio inasema maziwa ya kopo yenye namba fulani chini yameharibika, watu wa Mkoa wa Tabora wasiwape watoto, wayarudishe dukani. Mimi napimiwa kwa kikombe, kopo silioni. Nikakimbia dukani.

Mwenye duka akacheka. "Mama, hiyo ni Tabora. Wilaya yetu ya Mpanda si imeshahamishiwa mkoa mpya wa Rukwa? Au wewe umebaki huko peke yako?"

Waliokuwepo wakacheka. Nikamwuliza, "Na maziwa yako yalikuja Mpanda na treni ya kutoka wapi?"

Akajibu, "Treni inatoka Tabora. Maziwa ni ya hapa."

"Nionyeshe kopo basi."

"Makopo yote nampa fundi wa koroboi. Hata hiyo taa ya kwako nyumbani ni kopo langu."

Nikarudi nikaigeuza koroboi. Chini fundi amemwagia risasi ya kulehemu juu ya namba. Nikakwangua kwa kisu, ikatoka saba, na kitu kama tatu au nane. Na redioni namba sikuzishika zote. Mwalimu naye hakuziandika, anasema alijua haituhusu.

Mganga wa zahanati hajaletewa karatasi yoyote. Mume wangu anasema, "Mtoto ananenepa, unataka nini tena?" Ni kweli ananenepa. Lakini tangu jana analala sana, sijui ni shibe, sijui ni nini, kila mara naweka sikio kifuani kwake.

Najua barua hii itachelewa kuwafikia, naye anakula kila siku. Nyie wa Tabora mliosikia tangazo lote, ni namba zipi? Na nyie wamama wenzangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimeshakoroga kikombe, kiko hapa kinapoa, na mtoto ameamka.