Mfalme Kwenye Rozari ya Mama Mkwe

Walimu wenzangu walinicheka miaka yote niliyofundisha, na wanaendelea kunicheka sasa kwa kuwa tumestaafu na hawana kazi nyingine. Wao walinunua ploti Nkubu na Meru mjini. Mimi nilinunua wafalme wa Roma. Tena si wale wakubwa wanaojulikana hata na mtoto wa darasa la saba. Nilitafuta sarafu za wale wa karne ya tatu, waliotawala miaka miwili, miezi mitatu, wengine siku chache tu, kisha wakamalizwa na askari wao wenyewe.

Sitaki kujitetea, lakini nitasema. Kitabu nilichosomea historia kiliwaruka watu hao. Kulikuwa na sura nzima ya wafalme wema, halafu sentensi moja kwamba zikafuata vurugu. Sentensi hiyo moja ni miaka hamsini na wafalme zaidi ya ishirini. Mimi ni mtu wa Kianjai. Nimefungua vitabu vingi vya nchi hii nikiitafuta Kianjai, na najua kurukwa kunavyouma. Na waliokuwa wakiniambia kwamba ninakusanya mambo ya wazungu, niliwaonyesha sarafu ya safu ya pili kwenye trei yangu: huyo alizaliwa kisiwani kaskazini mwa Afrika, akatawala kiasi cha muhula mmoja wa shule. Walirudi kwenye chai yao.

Sarafu ya kwanza sikuinunua. Nilipewa na padre mmoja Mwitaliano siku alipokuwa akifunga masanduku kurudi kwao kabisa. Nilikuwa nimemsaidia kupanga vitabu vya maktaba ya misheni, na badala ya kunipa bahasha alinipa kipande chembamba cha fedha, kikubwa kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mwanamume mwenye ndevu fupi, uso wa mtu aliyekosa usingizi, na kichwani taji la miale ya jua iliyochongoka. Padre alinieleza kwamba huyu aliamuru kila mtu atambikie miungu ya Roma, na Wakristo wengi waliokataa wakafungwa au wakauawa. Alitawala miaka miwili, kisha akazama kwenye kinamasi vitani, na maiti yake haikuonekana hadi leo.

"Alituua," padre akasema, "na sasa anatosha mfukoni."

Wengine walikuja kwa posta, mmoja mmoja, wamefunikwa na udongo wa nchi nisizozijua. Ni shaba tupu, na wengi hawakunigharimu zaidi ya kuku. Niliwaloweka kwenye maji ya kuongeza kwenye betri ya gari, yale yasiyo na chumvi, niliyoyapata kwa fundi wa gereji hapa Nkubu. Miezi mitatu, minne, nikibadilisha maji kila Jumamosi, nikikwangua udongo kwa kijiti cha meno mpaka pua ya mfalme itokeze. Kisha naweka karatasi juu yake, napitisha penseli, na chini ya picha hiyo naandika maisha yake kwenye daftari la mazoezi. Mke wangu alisema hajawahi kuona mwanamume mwenye subira hivyo na sarafu na asiye na subira na ng'ombe. Alisema kweli.

Mwaka mmoja mama yake alikuja kukaa kwetu wiki tatu, akitibiwa goti kwenye hospitali ya hapa Nkubu. Alitoka Embu na rozari yake, begi dogo na chupa ya uji. Ni lazima nieleze hapa kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hatupeani mikono. Akiwa kwenye kijia, mimi ndiye ninayempisha. Siketi kwenye kiti alichokalia, siingii alipolala, na siwezi kumwomba kitu kilicho mkononi mwake, hata kiwe changu. Sikuitunga desturi hiyo, lakini nimelelewa nayo na imo damuni.

Jumapili moja nilikuwa nimetandaza wafalme wangu kwenye kitambaa sebuleni wakauke, na yule wa fedha nimemtoa awape kampani. Nikatoka kwenda kuona ndama. Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameketi kimya, machozi yanamtoka, na sarafu yangu imelala kiganjani mwake. Alikuwa ameliona lile taji. Miale ile iliyochongoka kaiona miiba, na chini ya miiba uso wa mwanamume mwenye ndevu aliyechoka. Angemwona nani mwingine? Alimwambia binti yake kwa Kiembu kwamba amemwona Bwana wetu, na kwamba hajawahi kumshika karibu hivyo.

Kisha akamfunga kwenye ncha ya leso yake.

Nilirudi kwa ndama. Baadaye nilimfuata mke wangu jikoni, nikamwambia amrudishe mfalme wangu. Akaniuliza nataka amwambie mama nini, mama aliyepata faraja yake kwa mara ya kwanza tangu amzike mume. Nikasema amwambie ukweli. Akasema nikamwambie mwenyewe. Alijua vizuri kwamba siwezi, na akaendelea kumenya viazi.

Mwezi mmoja baadaye tulikwenda Embu kumjulia hali. Goti lilikuwa limepona. Rozari ilikuwa shingoni, na karibu na msalaba kulikuwa na mfalme wangu, ametobolewa tundu juu ya taji. Fundi wa saa wa sokoni ndiye aliyemtoboa. Mtu asiyekusanya sarafu hawezi kuelewa. Ile fedha ilipita kwenye mikono ya watu kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia saba, ikakaa ardhini, ikavuka bahari, na hakuna aliyeitoboa mpaka ilipofika kwa ukoo wangu. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilikula mukimo wa watu, nikashukuru, nikarudi nyumbani.

Miaka saba nilinyamaza. Wanawake wa jumuiya yake walikuwa wakimbusu yule mfalme kila Alhamisi baada ya sala. Mimi nikijua. Wakati mwingine nilicheka peke yangu, wakati mwingine niliona haya, maana mtu mzima anayeacha mama mzee ambusu mtesi wa dini yake ana la kujibu. Lakini nitasema kweli: nilichokililia zaidi ni sarafu.

Aliyelipua jambo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, karani wa ofisi moja Embu mjini na mlokole wa moto. Alilala kwetu siku mbili akiwa na shughuli Meru, akaokota daftari langu, akalisoma lote. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na ile picha ya penseli, taji na ndevu, na chini yake nilichokuwa nimeandika. Hakuniambia kitu. Alingoja sikukuu, ukoo wote umekusanyika kwa mama yao, sahani zimeondolewa, ndipo akasimama.

"Mum, hiyo kitu si Yesu. Huyo ni emperor alikuwa anaua Wakristo. Mwalimu anajua, ameandika kwa kitabu yake, na amenyamaza miaka yote. Hiyo kitu iende kwa choo leo."

Kila mtu alinitazama. Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama viatu vyangu, kwa sababu nyumbani kwa wakwe mtu kama mimi hasemi mpaka aulizwe, na nilikuwa naomba nisiulizwe. Mama mkwe aligeuka taratibu pale kitini. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alinitazama usoni.

"Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyomchukua."

Akaniuliza kama aliua wengi, nikasema wengi. Akaniuliza alikufaje, nikasema alizama kwenye matope vitani na hakuna aliyemzika. Muda wote huo alikuwa akimsugua yule mfalme kwa dole gumba, kama alivyozoea wakati wa sala. Shemeji alinyoosha mkono apewe rozari. Yeye akaikunja kiganjani.

"Hatoki hapa," akasema. "Wenzangu aliwakataza kusali. Mimi nimemsalisha kila siku miaka saba bila kujua. Sasa nitamsalisha nikijua."

Kisha akamwambia mwanawe kwamba choo kiko nyuma ya nyumba, na kama ana haja aende mwenyewe. Watu walicheka, hata mke wangu. Shemeji hakucheka. Kabla hatujaondoka, mama mkwe alikata uzi akamshusha yule mfalme, akamfunga chini kabisa ya msalaba, miguuni. Hapo ndipo pake, alisema. Hasira yangu ya lile tundu ilipungua siku hiyo. Haikuisha yote, sitadanganya.

Aliishi miaka minne zaidi, na rozari haikutoka mkononi. Alipokufa, tulikuta wanawake wa jumuiya wamemvika na kumzungushia rozari vidoleni. Asubuhi ya mazishi, jeneza likiwa uani chini ya turubai na watu wakipita kumuaga, shemeji alinivuta pembeni ya ghala. Akanipa kitambaa kilichokunjwa.

"Mwalimu, chukua mali yako. Mama hataenda kaburini na mpagani."

Nilifungua. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeitamani sarafu ile, na sasa ilikuwa kiganjani mwangu. Niliigeuza. Maandishi ya pembeni yalikuwa yamefutika. Uso ulikuwa umesuguliwa na dole gumba la yule mama mpaka pua na macho vikaisha, zikabaki ndevu kidogo na ile miale. Kwa mkusanyaji yeyote haikuwa na thamani tena. Kwangu ilikuwa nayo zaidi ya trei yote, na niliitaka. Nilisimama pale nikiitaka, mkono umefumba, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu, maana ilikuwa yangu na nilikuwa nimerudishiwa na mtoto wa kiume wa marehemu.

Nikarudi uani. Nilipita mbele ya wazee wa ukoo, mbele ya katekista, mbele ya wanawake wa jumuiya, mpaka kwenye jeneza. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba mkwe hafanyi hivyo. Najua mkwe hafanyi hivyo. Nilimshika mama mkwe mkono, mkono ambao sikuwahi kuugusa siku hata moja alipokuwa hai, nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa baridi na vigumu. Nilifunga sarafu miguuni pa msalaba, fundo mara mbili, nikavikunja tena vidole juu yake. Ndipo nikageuka, nikasema kwa sauti ya darasani kwamba sarafu ilikuwa yangu, nimempa Mama, na anayetaka kuitoa aje anitoe mimi kwanza.

Shemeji alitazama pembeni. Mke wangu alikuja akasimama karibu nami, akalia. Fundi wa jeneza akapigilia kifuniko.

Wafalme wangu wengine bado ninao, na bado naagiza. Juzi tu amefika mmoja aliyetawala majuma machache, yuko jikoni anaoga. Nafasi ya kwanza kwenye trei ina kile kipande cha karatasi cha picha ya penseli, nilichokikata kutoka kwenye daftari. Wazee wenzangu wakija kunicheka huwa wanagusa hapo, wanauliza huyu wa karatasi yuko wapi, au nimemuuza. Nawaambia yuko Embu, anasali.