Siku Waisiko Alipopimwa Moyo

Waisiko alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yake ilikuwa kusaga unga Nyamisangura, mjini Tarime, kwenye mashine ya mumewe, Werema. Debe la mahindi alilinyanyua mwenyewe hadi kwenye mdomo wa mashine. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa sita, debe likaanza kumshinda. Alilishusha njiani, akashika ukuta, akahema kama mtu aliyekimbizwa. Kikohozi kikafuata. Akilala chali alihisi anazama, ikabidi alale ameegemea mito.

Hakumwambia mtu, kwa sababu dalili hizo alizifahamu. Dada yake Agustina, aliyeolewa Nyakunguru, alianza hivyo hivyo. Alijifungua mtoto wa kike, Neema, na siku ya tisa akakata roho ameketi kitandani. Msibani, mama yao alimnyooshea kidole Bibi Gati, mama mkwe wa Agustina, kwamba alimtilia kitu kwenye uji. Tangu hapo, miaka minne, familia hizo mbili hazikusalimiana.

Waisiko aliamini kwamba mkono uliomuua dada yake sasa umemfikia na yeye.

Siku ya kliniki, nesi Felista alimhesabia pumzi, akamtazama miguu iliyovimba, akamwekea kifaa kifuani. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Hali hii imeanza lini?"

"Ni uchovu tu, dada."

"Huu si uchovu. Leo hurudi nyumbani kabla hujapimwa moyo."

Waisiko alitamani kukimbia, lakini hata pumzi ya kukimbia hakuwa nayo. Akampigia simu Werema, naye akaja na vumbi la unga kwenye nyusi.

Katika chumba cha vipimo alilazwa, akabanwa vibanio mikononi na miguuni na kubandikwa vingine kifuani, vyote vikiwa na nyaya.

"Umeme huu hautamuumiza mtoto?" aliuliza.

"Hatukuingizii umeme, mama," alisema Daktari Benedicto. "Moyo una umeme wake. Mashine inausoma tu."

Kisha akampaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kifaa kama kile cha kumtazamia mtoto tumboni. Waisiko akausikia moyo wake mwenyewe ukivuma kwenye mashine. Daktari alisogeza kifaa, akakirudisha palepale, akatazama tena.

"Nitakufa, daktari?"

"Ukikaa nyumbani, hatari ni kubwa. Ukikaa na sisi, tuna dawa na tuna muda." Akamgeuzia kioo cha mashine. "Moyo una milango ya kupitisha damu. Mmoja wako umekakamaa, haufunguki vizuri, na maji yanarudi kwenye mapafu. Utotoni uliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?"

Waisiko alikumbuka. Alikuwa darasa la tatu. Yeye na Agustina waliugua pamoja, wakakandwa kwa maji ya moto, wakapona.

"Dada yangu alikufa hivi hivi," alisema.

Daktari aliweka kifaa chini. "Sikumpima dada yako, kwa hiyo siwezi kukuapia. Ila angekuja hapa, ningeanza na moyo."

Maneno hayo yalimtisha kuliko nyaya zote. Kama ni kweli, basi Bibi Gati alitengwa bure.

Alilazwa. Dawa za kupunguza maji zikampa pumzi, akaanzishiwa na sindano ya kila mwezi, ya kuzuia ugonjwa wa koo usirudi kuudhuru moyo. Aliruhusiwa kwenda nyumbani, ila mwezi wa mwisho alirudishwa wodini, na hapo ndipo alipojifungua mtoto wa kiume, wakamwita Deus. Felista alikuja kumpima mara kwa mara. Ilipofika siku ya tisa, Waisiko alikataa kufumba macho. Alimshika Werema mkono, akahesabu pumzi zake mwenyewe mpaka jua likazama.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, walikwenda Nyakunguru. Mama yake alikataa kuandamana nao. Bibi Gati alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Shikamoo, bibi."

Ungo ulisimama. "Marahaba," alisema, bila kunyanyua macho.

Waisiko alimweleza yote: mashine, mlango wa moyo, maneno ya daktari. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Uji ule niliuonja mimi kwanza," alisema. "Nilimwambia mama yenu. Hakuna aliyesikia."

"Tusamehe, bibi."

Bibi alimwita Neema, akampangusa uso kwa kitenge chake. "Na huyu? Moyo wake ukoje?"

"Naye apimwe," alisema Waisiko. Ugonjwa huo uliwaingia yeye na dada yake kupitia koo, hivyo alielezwa, lakini hofu ilimkaa palepale.

Wiki iliyofuata Bibi Gati alimleta Neema hospitali mwenyewe. Daktari alisikiliza, akapima, akasema moyo ni mzima, ila koo likimuuma wasisubiri. Bibi aliketi kwenye benchi kando ya Waisiko, aliyekuja kuchomwa sindano yake, akamchukua Deus mikononi bila kuombwa.

Waisiko sasa ana barua ya kwenda Mwanza, ambako mlango wa moyo wake utafunguliwa. Anaogopa sana, na halifichi hilo. Mama yake amesema atamsindikiza, lakini Nyakunguru bado hajakanyaga.