Kiingereza cha Mke wa Karani Mkuu

Karani mkuu wa ofisi yetu ya Kakamega alikuwa Mgoa, mtu mwembamba aliyevaa tai hata Jumamosi, na ndiye aliyenifundisha kupiga taipu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Khayega, na bendera yetu mpya haikuwa imemaliza hata miaka miwili juu ya mlingoti pale nje. Kila barua niliyopiga aliisoma akiwa na penseli nyekundu mkononi. Hakuwahi kunipandishia sauti. Alipiga mstari chini ya neno lililoharibika, akanirudishia karatasi na kusema, "Tafuta mwenyewe, binti."

Asubuhi moja alianguka kando ya meza yake. Upande wa kulia wa mwili ulipooza na ulimi ukafungika. Alilazwa hospitali wiki nyingi, kisha akarudishwa nyumbani akiwa na maneno matatu au manne tu ya Kireno, lugha aliyokulia nayo Goa, ambayo aliyatumia kwa kila kitu: kwa maji, kwa dirisha, kwa mto wa kulalia.

Mama yangu aliposikia habari hizo alimkamata kuku akamfunga miguu. "Huyo mzee ndiye alikuwa anakufundishanga kazi," akasema. "Mpelekee ingokho. Utaenda kwake mikono mitupu?"

Ndivyo nilivyomjua mke wake. Alikuwa amemfuata mumewe kutoka Goa miaka mitatu tu kabla ya hapo. Alisomeshwa na masista kwa Kireno, akajua kushona na kutarizi, lakini Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Mumewe ndiye aliyekuwa akimsemea kila mahali, dukani, benki, kanisani. Kurudi kwao hakukuwezekana. Huko nako utawala wa Wareno ulikuwa umeondolewa, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Alimpokea kuku, akanitazama, kisha akaniuliza polepole, "Wewe napiga taipu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nataka barua. Nataka kazi."

Shule moja ya wasichana nje ya mji ilikuwa inatafuta mwalimu wa ushonaji. Barua alikuwa ameshaiandika mwenyewe kwa mkono mzuri ajabu, kila herufi imeinama upande mmoja. Niliichukua nikaipiga kazini wakati wa chakula cha mchana. Katikati yake palikuwa na sentensi iliyonisimamisha: "I pretend to teach sewing to your girls." Mimi neno "pretend" nililijua tangu darasani, maana yake kujifanya. Lakini nilijiambia, huyu ni mke wa karani mkuu, nyumbani kwake kuna kamusi kubwa kuliko matofali, mimi nani wa kumsahihisha? Labda watu wakubwa hulitumia kwa namna nyingine. Nikalipiga kama lilivyo na kuiweka barua kwenye posta.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi, nami nilikuwepo alipolifungua. Alilisoma kwa sauti, neno moja moja. Mwalimu mkuu alishukuru, akasema kwamba shule yake haihitaji mtu wa kujifanya mwalimu, ila mwalimu mwenyewe.

Mama yule alinigeukia. "Sielewi. Ananitukana?"

Kabla sijafungua mdomo tulisikia sauti nyuma yetu. Mzee alikuwa anacheka kwenye kiti chake. Alicheka mdomo umekwenda upande, machozi yanamtoka, na mkono wake mzima ukipigapiga mguu. Mkewe aliduwaa. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu aanguke.

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza. "Mama," nikasema, "mzee ameielewa barua. Kiingereza chake bado kimo kichwani."

Ikabidi nikiri na kosa langu. Nilimweleza maana ya neno lile, na kwamba nililiona nikanyamaza. Alishika kichwa. Kwa Kireno, akasema, neno linalofanana nalo ni kukusudia. Alikuwa amekusudia kufundisha! Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alinishika mkono akanikalisha.

"Wewe ogopa nini?" akaniuliza.

"Niliogopa kukukosea adabu, mama."

"Kesho usiogope. Kesho njoo."

Nikaenda kesho yake baada ya kazi, na kesho kutwa, na karibu kila siku kwa miezi mingi. Tulikaa barazani mvua ya alasiri ikipiga mabati, sisi wawili na kamusi, na mzee katikati yetu. Tulipatana naye: neno likiwa sawa agonge meza mara moja, likiwa baya agonge mara mbili. Mtu aliyekuwa akitazama ukuta kutwa nzima alianza kutusubiri akiwa amenyolewa ndevu na kufungwa tai.

Tuligundua kwamba mimi na mama yule tulikuwa maskini wa aina mbili. Maneno makubwa ya Kiingereza, yale marefu ya barua za serikali yaliyonitoa jasho, yeye aliyapata bila shida kwa sababu Kireno kina ndugu zao. Nikimsomea neno kama "facilitate" anacheka, analijua tangu utotoni. Lakini maneno madogo yalimshinda. "Get up", "give in", "put off": aliuliza kwa nini Mwingereza hachoki kuyafunga maneno mafupi mafupi na kuyapa maana mpya. Hayo nilikuwa nayo mimi. Basi nikampa yangu, akanipa yake, na Kiswahili kikawa daraja letu.

Yaliyotutesa ni yale yaliyofanana sura bila kufanana maana. Tuliyatengea daftari lao peke yao. Alikuwa amewaambia majirani kwamba ana "parents", yaani wazazi, arobaini huko Goa, akimaanisha jamaa. Siku tuliyofika kwenye neno "constipated" aliniuliza maana yake. Nikamwambia kwa aibu, ni mtu asiyepata choo.

"Choo?" Aliinuka kitini. "Kwetu ni mafua! Nilimwambia daktari neno hili! Daktari alinipa dawa, siku mbili sikutoka nyumbani!"

Mzee aligonga meza mara moja, kwa nguvu.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote hatukucheka. Nilikuwa nimebeba nakala ya barua ya ofisini, tuipitie pamoja, na ndani yake palikuwa na neno "eventually". Alilipita haraka. "Hilo najua. Ni labda."

Mzee akagonga mara mbili.

"Labda," akarudia. "Kama Kireno. Huenda."

Mara mbili tena. Nikafungua kamusi, nikatafuta ukurasa, nikamfafanulia. Si labda, mama. Ni hatimaye. Ni jambo litakalokuja mwishoni, hata likichelewa.

Aliweka kalamu chini. Alibaki anaitazama mikono yake muda mrefu hivi kwamba nilidhani nimemuudhi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Daktari aliniambia neno hili. Pale hospitali, mlangoni. Alisema, eventually mume wako atasema."

Miezi yote ile alikuwa akimlisha, akimwogesha, akimgeuza kitandani, akiamini kwamba ameahidiwa labda. Aliinama akauweka uso wake juu ya mkono wa mumewe, ule uliokufa, naye mzee akamwekea ule mzima kichwani. Mimi nilijitia kutazama mvua. Nilipoona hawana haja nami nilivaa viatu vyangu nikaondoka taratibu, kamusi nimeiacha wazi pale mezani.

Muhula uliofuata alikwenda mwenyewe kumwona yule mwalimu mkuu. Sikumwandikia barua, na yeye hakutaka. Aliniomba nimsindikize hadi getini tu. Alivaa gauni la kijivu alilolishona yeye. Baadaye alinisimulia kwamba alimweleza yule bibi habari ya neno lile la kwanza, waziwazi, na yule bibi akafunika mdomo kwa mkono. Halafu akampeleka darasani, mbele ya wasichana thelathini, akamwambia awafundishe kutia marinda kwenye sketi. Hakutumia hata neno moja kubwa la Kiingereza. Kunja, bana, geuza, shikilia, pitisha sindano: yote yalikuwa maneno madogo niliyompa barazani. Wiki ile ile alianza kazi, na alifundisha pale miaka tisa.

Mimi nilifanya mtihani wa uhazili nikaupita. Penye maneno marefu sikukosa hata moja.

Daktari alisema kweli, ingawa si yote. Mzee hakurudi ofisini, wala Kiingereza kile cha barua zake hakikumrudia mdomoni hadi alipofariki. Kireno kilimjia vipande vipande. Lakini Jumapili moja, kama mwaka mzima baada ya siku ile ya mvua, nilipitia kwao kuwasalimu. Mkewe alikuwa jikoni. Mzee alikuwa barazani peke yake, akaniona nikipanda ngazi. Midomo ilimcheza muda. Nilidhani anataka maji, nikageuka nikamwite mkewe.

"Binti," akasema.

Nilisimama pale pale. Mle jikoni sufuria ilianguka sakafuni.

"Binti," akarudia, kwa Kiswahili, kila silabi akiivuta kama mtu anayenyanyua mzigo. "Ume... kula?"

Mkewe alitokea mlangoni, mikono ina unga, hathubutu kusogea. Nilikuwa nimeshiba, mama alikuwa amepika obusuma na kunde kabla sijatoka nyumbani. Nikamwambia mzee bado sijala, nikavuta kiti.